Saa Ishirini na Nne za Mama

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mama mmoja, mchuuzi wa samaki, mbele ya wazazi waliokusanyika Kisumu.



Nimeombwa kusema nanyi juu ya saa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa mimi sikuvaa saa ya mkononi mpaka watoto wangu wote walipokuwa wamekwisha kuota meno. Lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Nataka kusema juu ya siku ya mama mwenye mtoto anyonyaye, na mwingine aanzaye kutembea, na mume, na mama mkwe, na wageni, na shamba au biashara. Na juu ya mambo ambayo kila mmoja wa hao hutazamia kwamba mama huyo atayatimiza kabla ya kulala. Nitasema pia juu ya baba. Kwa hiyo nawaomba mabwana waliokaa kule nyuma karibu na mlango wasiondoke bado.

Sisi wa Kisumu tunakaa karibu sana na Ikweta. Jua letu halirefuki na kufupika kama la Ulaya. Huchomoza na kutua kwa saa zile zile, Januari kama Julai, na mchana wetu ni karibu sawa na usiku wetu mwaka mzima. Basi hapana msimu uwezao kumwongezea mama hata nusu saa. Alizopewa ni ishirini na nne, na hesabu yangu inaanzia hapo.

Nitawaeleza yaliyonipata mwenyewe, kwa maana ya mwenzako huwezi kuyasimulia sawasawa.

Mwaka 2002 nilikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, na wa pili alikuwa bado mchanga. Kazi yangu ilikuwa kununua omena ufuoni, kuwaanika, na kuwauza sokoni. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa mnaijua kazi hiyo, lakini kwa ajili ya wageni wetu nitaieleza. Omena, ambao watu wa pwani huwaita dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Wavuvi hurudi alfajiri, na mnunuzi asiyekuwapo mashua zinapofika hukuta zimebaki magamba na maneno. Ukishanunua huna raha. Huna budi kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu, kuwageuza, kufukuza ndege, na kutazama mawingu; maana mvua ikiwakuta hawajakauka huharibika, na mali ambayo ilikuwa chakula cha watu inakuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa wamelala.

Aliyebaki nao ni binti wa shemeji yangu, mtoto wa miaka tisa. Kwa Kijaluo mtoto kama huyo huitwa japidi, yaani mlezi. Si mimi niliyeanzisha desturi hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa japidi wa wadogo zangu, na mama yangu kadhalika. Nilimwonyesha unga, sukari na sufuria, nikamwambia, "Mpe mtoto uji mara tatu." Akajibu, "Ndiyo, mama mdogo." Nikaenda zangu.

Kila mwezi nilimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, na mwuguzi alitia nukta katika kadi yake, kisha akaunganisha nukta hizo kwa mstari. Mpaka mwezi wa sita mstari ulipanda vizuri, kwa kuwa alikuwa akinyonya tu. Mwezi wa saba ukalala. Mwezi wa nane ukalala vile vile, nami nikasema labda ni meno. Mwezi wa tisa ukashuka. Mwuguzi akaniuliza, "Mama, mtoto huyu hula mara ngapi kwa siku?" Nikajibu upesi, "Mara tatu." Akaniuliza tena, kwa upole, "Ulimwona kwa macho yako mwenyewe?" Nikanyamaza.

Niliporudi nyumbani nilimwita yule binti, nikamwuliza bila ukali. Akaniambia kweli yote. Alipika uji asubuhi sufuria moja. Wote watatu walikunywa. Uliobaki aliuongeza maji ili ufike jioni, na mdogo alimpa alipolia. "Siku hizi," akasema, akidhani ananipa habari njema, "siku hizi halii sana."

Wazazi wenzangu, mtoto wangu alikuwa amejifunza kutolia. Nimepata hasara mara nyingi ufuoni. Nimewahi kupoteza mtaji wote kwa mvua ya saa moja. Lakini neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hasara zote.

Wako walionishauri nimchape binti yule. Sikumchapa, kwa sababu naye alikuwa mtoto. Alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima kwa akili ya miaka tisa, na pia alikuwa na njaa yake mwenyewe. Nilijua kwamba kosa halikuwa lake, wala halikuwa la uji. Lilikuwa katika mpango wa nyumba yetu, nao ulikuwa wangu mimi na mume wangu.

Usiku huo mume wangu aliporudi, nilimwonyesha kadi. Yeye alikuwa karani wa ghala, mtu wa hesabu, na mstari ulioshuka aliuelewa mara moja. Nikachukua punje ishirini na nne za mahindi, nikaziweka mezani, nikasema, "Hii ndiyo siku yangu. Nisaidie kuigawa." Tukaanza. Punje sita za kulala. Sita za kwenda ufuoni, kununua na kuanika. Nne za sokoni. Mbili za maji na kuni. Tatu za kupika na kuosha vyombo. Mbili za kufua, kufagia na kupiga pasi mashati yake. Moja ya wageni, maana nyumba ya mkubwa wa ukoo haikosi mgeni. Zikaisha. Tulitazama meza yote, na mtoto hakuwa amepata hata punje moja.

Kisha nikamwekea yeye punje zake ishirini na nne. Nane za kulala, nane za kazi, moja ya kwenda na kurudi kwa baiskeli. Zilibaki saba. Akatoa moja ya kula. Nyingine akasema ni ya kusikiliza habari za redio, nami nikamkubalia. Tano zilizobaki alizitazama kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

Simwambii mtu yeyote hapa kwamba mume wangu ni mtu mbaya. Alikuwa akifanya kama babake alivyofanya na kama rafiki zake walivyofanya, wala hapana aliyewahi kumwekea punje mezani. Na hesabu ya nyumba yetu haikuwa ya ajabu. Idara ya takwimu ya nchi yetu ilifanya uchunguzi mwaka 2021, ikawauliza watu wa Kenya wenye umri wa miaka kumi na mitano na zaidi walivyotumia saa zao. Ilionekana kwamba katika kazi za nyumbani na za kulea, ambazo hazina mshahara, wanawake hutumia karibu mara tano ya muda unaotumiwa na wanaume. Serikali iliona katika nchi nzima yale tuliyoyaona sisi juu ya meza ya mbao.

Sasa yako maneno ambayo husemwa kila mara jambo hili linapoletwa mbele ya watu. Husemwa: "Mama zetu walifanya yote hayo peke yao, wala hawakulalamika. Wanawake wa siku hizi ni wavivu." Mimi niliyaamini maneno hayo muda mrefu, na yalinitia aibu. Aliyenitoa katika aibu hiyo ni mama mkwe wangu, mtu ambaye sikumtazamia hata kidogo.

Mama huyo alikuwa mkali. Kwake mgeni akija saa yoyote hana budi kupata kuon ya moto na samaki, tena si ya kupasha, na mke ambaye jiko lake limelala baridi ni mke wa kusemwa. Nilipomweleza habari ya kadi nilidhani atanilaumu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Lakini ni nani aliyekuambia umlee peke yako? Mimi sikulelewa na mama yangu peke yake. Nililelewa siwindhe."

Vijana wengi wa leo hawalijui neno hilo isipokuwa kwa jina. Siwindhe ilikuwa nyumba katika boma la Kijaluo ambamo watoto walilala na kufundishwa na mwanamke mzee aliyeitwa pim. Wanahistoria wawili, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, waliandika habari zake katika kitabu chao kiitwacho Siaya, kilichotolewa mwaka 1989. Wanaeleza kwamba mara nyingi pim hakuwa hata wa damu ya boma lile. Alitoka mbali, akaletwa ili awalee watoto, na yeye ndiye aliyewapa hadithi, mafumbo, majina ya jamaa na adabu. Na wavulana walipopata umri kidogo walikuwa pamoja na wanaume katika duol, nyumba ya mwenye boma, ambamo wanaume walikula na kuzungumza pamoja. Baba hakuwa mgeni kwa watoto wake. Alikuwa na mahali pake pa kuwalea, hata kama hakushika sufuria.

Basi angalieni. Kuna pim siwindhe, kuna wake wenza, kuna nyanya, kuna wasichana wakubwa, kuna wanaume katika duol. Mama alikuwa na kazi nyingi sana, sikatai, na jembe la zamani halikuwa jepesi. Lakini mtoto mdogo hakuwa mzigo wa mgongo mmoja.

Nini kilitokea? Reli ilifika kwetu Ziwani mwaka 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kabla ya kuitwa Kisumu. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Wanaume wakaenda Nairobi, Mombasa, mashamba ya chai ya Kericho, na mashamba ya miwa. Duol zikabaki tupu. Vijana wakaenda shule, nalo ni jambo jema. Wengine wetu tukahamia mjini, katika vyumba ambavyo havikujengwa kwa ajili ya mke na watoto, sembuse nyanya. Mmoja mmoja, watu waliokuwa wakishirikiana na mama wakaondoka. Lakini kazi zao hawakuondoka nazo. Ziliachwa mlangoni kwake. Na sisi tukasahau kwamba zilikuwa za watu wengi, tukaanza kusema kwamba hivyo ndivyo mwanamke mwema alivyo.

Hata waliotaka kutusaidia wakati mwingine waliongeza mzigo. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, chini ya idara ya serikali ya kuendeleza vijiji, wanawake wengi walipata faida kubwa. Walijifunza usafi, ulezi wa watoto, ushonaji na mapishi, na wengine walipata mahali pa kwanza pa kukaa pamoja na kusema shida zao. Nawashukuru waliofundisha. Lakini shangazi yangu alikuwa akisema kwamba kila somo lilimrudisha nyumbani na kazi mpya, na hapana somo hata moja lililomwondolea kazi ya zamani. Alifundishwa kutarizi vitambaa vya meza. Meza hakuwa nayo.

Turudi nyumbani kwangu. Mama mkwe alikubali kukaa na mtoto siku zangu za soko kubwa, lakini si bure. Alitaka sabuni, sukari, na omena wa kwanza kukauka. Nikampa kwa furaha, maana mlezi ni mtu wa kulipwa kama mvuvi alivyo mtu wa kulipwa. Na yule binti wa shemeji, Januari ya mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, alikwenda shuleni akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, miguu yake ikigusa sakafu wakati wenzake wakining'iniza ya kwao. Nilimshonea sare mwenyewe. Leo ana watoto wake.

Mume wangu alichukua kazi ya maji. Hapo mtanisamehe nikicheka. Wiki mbili za kwanza alikwenda bombani kwa baiskeli na madumu manne saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado nene, ili majirani wasimwone. Wiki ya tatu akakutana huko na mwalimu mmoja aliyekuwa amejificha kwa sababu ile ile. Baada ya hapo wakaanza kwenda kumekucha, wakizungumza habari za mpira. Mashati tukapunguza: badala ya matano kwa wiki, matatu, na la Jumatatu linarudi Alhamisi likiwa limefuliwa na yeye mwenyewe. Dunia haikusimama.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kulisha. Napenda kukaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tunadhani kulisha ni kupika. Sivyo. Mtoto aliyepita miezi sita tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula kingi kwa mara moja kama mtu mzima aliyetoka shambani. Waganga wa afya hushauri kwamba kuanzia miezi sita mpaka minane ale mara mbili au tatu kwa siku pamoja na kunyonya, na kuanzia miezi tisa ale mara tatu au nne, na tena apewe kitu kidogo cha kutafuna katikati, mara moja au mbili. Sasa hesabuni. Mtoto wa mwaka mmoja hageuzi kijiko upesi. Hutema, hucheka, hugeuza uso, hutaka kushika bakuli mwenyewe. Kila mara ni nusu saa ukiwa na subira. Mara tano ni saa mbili na nusu. Ni nani kati yetu aliyewahi kutenga saa mbili na nusu kwa siku kwa ajili ya kijiko? Tunatenga saa za kuanika, saa za soko, hata saa za mazishi. Lakini kulisha tunakuchomeka katikati, kama kijiti cha kuziba ufa.

Basi tulizipatia saa hizo watu. Asubuhi ni mimi, kabla ya kuondoka au mara nikirudi ufuoni. Mchana ni nyanya. Jioni ni baba. Mwanzoni mtoto alimkataa, naye akanirudishia akisema, "Huyu anataka mama." Nikamwambia, "Anataka uji." Baada ya siku chache walizoeana, na tangu wakati huo mtoto yule hakukubali kulishwa jioni na mtu mwingine yeyote, hata mimi. Uji wenyewe tuliufanya mzito, usiotiririka kijikoni, na ndani yake nilitia omena waliooshwa vizuri, wakakaushwa, wakatwangwa na kuchekechwa. Nilikuwa nikiuza gunia zima la chakula chenye nguvu, na mtoto wangu alikuwa akinywa maji yenye rangi ya wimbi. Jambo hilo nalisema kwa aibu, lakini nalisema, kwa sababu naona watoto wa namna hiyo bado wapo ufuoni, wamekaa karibu na gunia la mama zao.

Katika mwezi wa kumi mstari wa kadi ulilala. Wa kumi na moja ukapanda kidogo. Mtoto alipotimiza mwaka na miezi miwili ulikuwa umerudi mahali pake. Na usiku mmoja kabla ya hapo alikuwa amelia sana kwa sababu uji umechelewa, mume wangu akataka kumnyamazisha, nami nikasema, "Mwache alie kidogo." Nilitaka kusikia.

Haya, sasa nitasema juu ya wageni, ingawa najua hapa naingia penye miiba. Mimi sisemi tuwafukuze wageni. Mjaluo asiyemkaribisha mgeni ni nani? Lakini mama mkwe wangu na mimi tulipatana, baada ya maneno mengi ambayo sitayarudia, kwamba mgeni ajaye mchana bila taarifa atapewa chai na kilichopo, na atakayekula kuon ya moto ni yule atakayengoja jioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaeleza wageni, kwa kuwa mimi nisingeweza. Ndipo nilipofahamu kwamba desturi haigeuzwi na mke kijana. Hugeuzwa na mkubwa aliyeilinda. Kwa hiyo ninyi wamama wenye wakwe, neno lenu moja laweza kumpa mkazamwana wenu saa moja kila siku. Kadhalika kwenye matanga, ambako mama mwenye mtoto mchanga husimama jikoni usiku kucha katika moshi kwa kuogopa kusemwa: mkubwa mmoja akisema, "Wewe kaa hapa na mtoto," hapana atakayemsema.

Wako pia washauri wanaotuambia tuamke mapema zaidi. Shauri hilo linafaa kwa mtu anayeamka saa moja. Mwanamke wa Dunga anayesubiri mashua ameamka saa kumi. Aamke saa ngapi tena, au asilale kabisa? Mama asiyelala hukosa maziwa, hukasirika upesi, na huunguza mtoto kwa chai. Punje za kulala msiziguse. Hizo sita zilikuwa chache tayari.

Na wale wasio na nyanya karibu? Najua wako wengi, hasa katika Nyalenda, Manyatta na Obunga, ambako nyumba ni chumba kimoja na jamaa wako Siaya au Homa Bay. Wengine huajiri yaya. Nasema neno moja tu juu ya yaya: naye ana saa ishirini na nne, na mara nyingi ana mtoto wake aliyemwacha kwa mama yake kijijini. Mkimpa siku ya saa kumi na nane, mjue kwamba mmeihamisha shida kutoka mlango huu hadi mlango ule. Wala asiwe mtoto. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na tena imeifanya iwe ya lazima. Japidi wa miaka tisa wa siku hizi ana mahali pengine pa kuwa asubuhi.

Wengine huwaacha watoto katika vyumba vya kulelea vya mtaani, kwa malipo ya siku. Baadhi ya wanawake wenye vyumba hivyo ni walezi hodari, pim wa mjini kweli. Lakini ingieni ndani kabla ya kumwacha mtoto. Hesabuni watoto ni wangapi na watu wazima ni wangapi. Tazameni jiko liko wapi, maji yanatoka wapi, kama kuna chandarua, maana mbu wa Ziwa hawangoji usiku wa manane. Rudini siku moja bila taarifa, saa sita mchana. Mkikuta watoto ishirini wote wamenyamaza, ulizeni kwa nini.

Tena liko jambo ambalo wazazi wachache wanalijua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Ni sheria njema, na mabwana mlioajiriwa naomba mnapozichukua zile wiki mbili mzitumie nyumbani, si kwenda kujenga kijijini. Lakini mimi mwajiri wangu ni nani? Ni omena. Mama wa Kibuye anayeuza nyanya Jumapili mwajiri wake ni nani? Likizo yetu ni akiba tuliyoiweka katika chama kabla mtoto hajazaliwa, na mahali petu pa kunyonyeshea ni chini ya meza ya soko. Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo, katika jedwali lake la nne, imeweka malezi ya watoto wadogo miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti, pamoja na shule za chekechea. Za chekechea tumeziona. Chumba cha kulelea watoto wachanga, chenye maji na kivuli, karibu na soko na karibu na ufuo, ni jambo ambalo wananchi wanaweza kuliomba kwa haki katika mikutano ya kupanga fedha za kaunti. Nilipokwenda katika mkutano mmoja wa namna hiyo nilikuta wanaume wengi wakisema juu ya barabara. Nikauliza wake zao wako wapi. Mmoja akajibu kwamba hawana nafasi.

Mwezi wa Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazae. Kwa wengi wetu ni miezi ya shida ya fedha, lakini ndiyo miezi ambayo punje huhama kidogo juu ya meza. Mimi niliitumia miezi hiyo kutwanga unga wa mtoto wa kutosha muda mrefu, kumkamilishia sindano zake, na kukaa naye tu. Kwa hiyo wanawake wa ufuoni wanaotazamia kujifungua nawashauri wahesabu mapema mtoto atafika miezi sita katika mwezi gani, na ufuo utakuwa umefunguliwa au umefungwa, kisha waweke akiba kulingana na hesabu hiyo.

Nimechukua mfuko wa mahindi leo. Ningependa kila mtu na mwenzake wachukue punje arobaini na nane, ishirini na nne za mama na ishirini na nne za baba, wakae pale chini ya mti wazigawe. Aliye peke yake aje tukae pamoja. Msione haya zikigombaniwa. Sisi usiku ule tuligombana juu ya punje ya redio. Naona watoto waliokuwa wamelala migongoni wameanza kuamka, na wale akina mama wa mbele wanahitaji kuwalisha kwanza. Tutawangoja.